Futa, ila ujue bando ni la nani

Diski ikijaa, ushauri ni uleule kila mahali: kwenye folda za miradi ya programu futa node_modules (vifurushi vya msimbo wa watu wengine), futa build, futa target (programu iliyokwisha kujengwa), maana mafaili hayo yanajitengeneza upya. Mwezi uliopita nilikuwa Sinza na kijana anayeandika programu kwa kompyuta mpakato ya mtumba aliyoinunua Kariakoo, diski ya giga 256, zimebaki 3 tu. Akafuata ushauri, na ili asiache kitu akamalizia na npm cache clean --force, amri inayofuta akiba ya npm, chombo kinachopakua vifurushi hivyo mtandaoni. Giga 41 zikarudi. "Kaka, umeona?" Jioni mteja akapiga simu, anataka rangi ya kitufe kimoja ibadilishwe. Ikabidi apakue vifurushi vyote upya, na bando la wiki likaisha kabla mradi haujafunguka.

Wanaosema futa wana hoja, tena nzuri. Miradi kumi iliyolala inaweza kubeba nakala kumi za vifurushi vilevile, na diski iliyojaa pomoni huifanya mashine nzima ijikongoje. Tena mradi usioweza kusimama upya kwa package-lock.json yake, orodha ya vifurushi unavyohitaji, una ugonjwa, na heri uujue leo kuliko siku kompyuta imeibwa kwenye daladala. Hapo nawapigia saluti.

Shida ni vile wanavyowaita wasiofuta: wavivu, wachafu. Hilo neno "yanajitengeneza" limefunika vitu viwili tofauti kabisa. Target ya lugha ya Rust au build ya Gradle, chombo cha kujenga programu za Android, hupikwa humohumo ndani ya mashine. Gharama yake ni umeme na muda wa kunywa chai. Node_modules haipikwi, inaagizwa. Inatoka kwenye seva za mbali, na anayelipa nauli ni mwenye simu iliyowashwa hotspoti. Anayetoa ushauri akiwa kwenye faiba isiyo na kikomo haioni hiyo risiti.

Na kuna siku hela unayo lakini duka limefungwa. Jumapili ya 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwenye vifurushi vyake kwenye diski angeweza kuendelea na kazi. Aliyesafisha Jumamosi, pole yake. Kibaya zaidi ni kisa cha JCenter, ghala ambalo miradi mingi ya Android ilichukulia maktaba zake za msimbo. Februari 2021 wenye ghala, JFrog, walitangaza kwamba wanalifunga, na tangu Agosti 2024 anayelibisha hodi anaelekezwa Maven Central, ghala jingine. Sasa maktaba ya zamani ambayo mwenyewe hakuihamishia huko utaipata wapi? Kwa yule mwenye nakala kwenye .gradle/caches, folda ya akiba ya Gradle, ambaye jana tulikuwa tunamwita mchafu.

Kwa hiyo kosa la kijana wangu halikuwa kufuta node_modules. Angeishia hapo na kuiacha ile folda ya .npm, yenye akiba, vifurushi vingi vingerudi kwa npm ci --prefer-offline, amri inayotazama akiba kwanza, bila kugusa bando. Npm yenyewe hugoma kufuta akiba hiyo mpaka umwongezee --force. Mlinzi alimuuliza mara mbili, akampita.

Nisisahau git clean -fdX, amri ya Git (chombo cha kutunza matoleo ya msimbo) inayopendwa na wenye haraka. Hufagia kila kilichotajwa kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git haiyatunzi, na humo ndimo watu wengi huorodhesha .env yenye nywila za hifadhidata. Faili hilo hakuna seva ya kukurudishia.

Kijana siku hizi anafuta build kila Ijumaa, na node_modules za miradi aliyokwisha kukabidhi. Akiba ya npm haigusi. Nilipomuuliza juzi diski ina nafasi kiasi gani, akasema giga 19, zinamtosha.