Ligeuze Begi Ndani Nje Kabla Hujalipa

Kila Januari mabegi ya shule hupangwa Soko la Majengo, Dodoma, yakiwa yamevimba kama maandazi. Kilichoyavimbisha ni makaratasi. Kabla hata ya kuuliza bei, mwombe muuzaji ayatoe yote. Begi likisinyaa ndipo utaona kama linasimama lenyewe au linaanguka kama kitambaa cha kudekia. Kisha ligeuze ndani nje. Muuzaji akinuna, shauri yake.

Wazazi wengi hupapasa kitambaa na kutazama picha iliyobandikwa mbele. Kwa maoni yangu hapo ndipo hela inapopotelea, maana begi la mwanafunzi ni nadra kufa kwa kitambaa. Hufia mahali pawili: mkanda wa bega unaposhonewa mgongoni, na zipu kubwa.

Tuanze na mkanda. Shika mkanda kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukandamize mgongo wa begi, halafu vuta kwa nguvu. Matundu ya sindano yakifunguka na nyuzi zikachungulia, lirudishe. Ukitazama kwa ndani, mkanda uwe umezama kwenye mshono walau sentimita 2 na umerudiwa mara mbili au tatu, au ushonwe mraba wenye msalaba katikati. Mabegi ya bei ya kutupa mkanda wake umeng'ata nusu sentimita tu, kwa mshono mmoja. Mtoto akizoea kulibeba kwa bega moja, upande huo ndio unaong'oka. Kule chini, ule mkanda mwembamba wa kurekebishia uwe umeshikwa na kipande cha pembetatu kilichoingia kwenye mshono wa ubavuni. Na usidanganyike na mishono iliyosongamana: kitambaa kilichotobolewa hivyo huchanika kama stempu. Mitatu hadi minne kwa sentimita inatosha.

Zipu nayo, hapa Dodoma, ina adui wake: vumbi. Likichanganyika na mafuta ya chapati huwa kama msasa ndani ya kichwa cha zipu, na kila ukifungua na kufunga kinazidi kupanuka. Ndiyo sababu zipu hufungwa vizuri kisha meno yakaachana nyuma ya kichwa. Watu hudhani zipu imekufa, wakati mara nyingi kilichochoka ni kichwa peke yake. Kibane kidogo kwa plaizi, kushoto na kulia, bila kukiponda. Kikigoma, fundi akubadilishie hicho kichwa tu. Ukiwa bado sokoni, geuza kichwa utazame mgongoni mwake. Mara nyingi kuna namba, na inakaribiana na upana wa meno kwa milimita. Mfuko mkubwa unataka 8 au 10. Namba 5 iishie kwenye vifuko vya mbele. Nyumbani, sugua meno kwa mswaki mkavu, kisha pitisha mshumaa. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanakaribisha vumbi zaidi.

Kitambaa hakihitaji maneno mengi. Lebo ikiandika 600D, ni polista ya kutosha kwa shule. Namba hiyo ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. 210D ni ya bitana. Kitako kiwe na tabaka mbili, kwa sababu kitaburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Picha za plastiki zilizobandikwa mbele hupasuka kwa jua, na mabegi ya magurudumu yaachwe kwa wenye lami hadi mlangoni: kwenye mchanga wetu yanageuka kuwa mzigo wa kubebwa, tena mzito kuliko begi la kawaida.

Ukubwa usiwe wa "atakua nalo". Begi likivuka kiuno na kugonga makalio, mtoto huinamia mbele ili asivutwe nyuma. Mzigo wote ubaki kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 25 asipitishe kilo tatu na robo tatu. Hesabu: chupa ya maji ya lita moja ni kilo tayari, na kaunta buku nene moja hukaribia nusu kilo. Likiwa la familia nzima, la shule Jumatatu na la safari ya Singida wikiendi, pima kwa futi kamba: sentimita 45 kwa 30 kwa 18 ni kama lita 24, zinazotosha nguo za siku mbili.

Kuhusu bei, tuseme begi la shilingi 15,000 linakufa Juni na unanunua jingine: mwaka umekula 30,000. La 36,000 likidumu miaka mitatu ni 12,000 kwa mwaka. Ila mimi ningetazama mitumba kwanza. Mengi yameshonwa vizuri kuliko mapya ya bei hiyohiyo. Kagua tu utando wa ndani. Ukinata vidoleni au ukipukutika kama magamba, liache, kwa sababu hautengenezeki na utachafua madaftari.

Hata begi zuri, siku ya kulinunua lipitishe kwa fundi viatu. Mwambie arudie miguu yote minne ya mikanda kwa uzi wa nailoni, na akunje ncha za mikanda ya kurekebishia mara mbili na kuzishona, zisichomoke kwenye klipu. Nenda kabla ya wiki ya kufungua shule, foleni haijaanza. Na kwa kuwa Januari ni mvua, weka madaftari kava za plastiki: maji hupenya kwenye matundu ya sindano na kwenye zipu, hata kitambaa kiwe kizuri vipi. Begi likilowa, lianike kivulini likiwa limegeuzwa. Jua la saa sita hudhoofisha uzi uleule uliomlipa fundi aushone.