Daktari, niulize kama ninafuga

Mama yangu mdogo anaishi Kibosho, kwenye kihamba alichoachiwa na marehemu mume wake. Ana migomba, mibuni michache iliyozeeka, na banda la ng'ombe lililo hatua kumi tu kutoka jikoni. Mwaka juzi mtamba wake alitupa mimba ya miezi saba. Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, na hapakuwa na wa kumwita. Akafanya kama alivyomwona mama yake akifanya: akapandisha mikono ya sweta, akamvuta yule ndama aliyekwisha kufa, kisha akaingiza mkono kulitoa kondo lililokuwa limekwama. Akanawa kwa maji ya ndoo, akaingia kulala.

Wiki tatu baadaye homa ikaanza.

Haikuwa homa ya kumlaza moja kwa moja. Asubuhi anaamka, anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Jioni mwili unachemka, usiku jasho linamtoka mpaka shuka inaloa. Kiuno kinauma, magoti yanauma, chakula hakipiti. Alikwenda kituo cha afya akaambiwa ni malaria, akapewa dawa ya mseto. Akarudi, akaambiwa ni taifodi. Safari ya tatu alitoka na malaria, taifodi na UTI kwa mpigo, pamoja na mfuko wa dawa uliomgharimu pesa ya maziwa ya mwezi mzima. Safari ya nne akaambiwa ni umri. Ana miaka 56.

Ilipita miezi miwili na nusu ndipo daktari mmoja kijana, katika hospitali nyingine, akamwamkia shikamoo, akavuta kiti, akamuuliza: "Mama, nyumbani mnafuga?" Akasema ndiyo. "Kuna mnyama aliyetupa mimba siku za karibuni?" Mama mdogo alishtuka, akadhani hakusikia vizuri, kwa sababu katika safari zote zile hakuna aliyewahi kumuuliza habari za ng'ombe. Damu ikapimwa, ikaonekana ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Akameza doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, wiki sita, na sindano juu yake, akapona.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya swali lile. Ninataka liulizwe katika kila zahanati na kila hospitali ya Kilimanjaro na Arusha, kwa kila mgonjwa wa homa, kama tunavyoulizwa siku zote kama tunalala ndani ya chandarua.

Tangu wakati huo nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwetu, na kilichoniumiza zaidi ni kugundua kwamba jambo hili halikuwa siri. Lilipimwa hapa hapa kwetu. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto kwa wakubwa, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria, yaani sita katika kila kumi. Walipopimwa kwa uhakika, wenye malaria kweli walikuwa 14.

Na wengine je? Zaidi ya robo ya waliofanyiwa vipimo vya magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama walikutwa nayo. Homa ya mgunda, ambayo kitaalamu ni leptospirosisi, watu 40. Homa zinazoletwa na kupe na viroboto, watu 38. Homa ya Q, watu 24. Brusela, watu 16. Pembeni yao wapo 55 waliokuwa na chikungunya, hiyo ya mbu. Halafu kuna sentensi moja katika ripoti ile iliyonifanya niweke simu chini na kutoka nje kupunga hewa: kati ya wagonjwa wote wale, hakuna hata mmoja ambaye wakati wa kulazwa daktari aliandika ugonjwa wa namna hii miongoni mwa yale aliyokuwa akiyashuku. Hata mmoja.

Siwalaumu madaktari peke yao, na nasema hivyo kwa dhati. Magonjwa haya hayana alama usoni. Homa ya mgunda inafanana na malaria, homa ya Q inafanana na nimonia, brusela inafanana na uchovu wa mtu mzima. Vipimo vyenyewe ni vigumu: katika utafiti ule ilibidi wagonjwa warudi wiki nne hadi sita baadaye kutoa damu mara ya pili, ili ilinganishwe na ile ya kwanza. Zahanati gani ya kijijini ina uwezo huo? Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Pasipo na kipimo, maelezo ya mgonjwa ndiyo kipimo. Mganga aliyesikia kwamba mgonjwa wake alizalisha mbuzi wiki tatu zilizopita ana kitu mkononi ambacho mashine haijampa. Tena doksisaiklini si dawa ya kuagizwa ng'ambo, ipo na ni ya bei nafuu, na katika magonjwa haya manne hakuna ambalo haihusiki nalo, peke yake au pamoja na dawa nyingine. (Si ruhusa ya kukimbilia duka la dawa. Mjamzito hapewi hivi hivi, na brusela iliyotibiwa nusu hurudi.)

Kuna watakaosema kwamba Kilimanjaro kila mtu anafuga, kwa hiyo ukiuliza "mnafuga?" wote watajibu ndiyo na swali litakuwa bure. Nimelisikia hilo kutoka kwa muuguzi ninayemheshimu. Jibu langu ni kwamba "mnafuga?" ni hodi tu, mazungumzo yako ndani. Nani anakamua? Nani aliingiza mkono? Kondo lilitupwa wapi, na mbwa walilila? Maziwa mnachemsha, au watoto wanayanywa yakiwa bado na joto la kiwele? Umechinja karibuni? Maswali haya yanachukua dakika mbili. Mama mdogo alipoteza wiki kumi.

Wala si wafugaji peke yao. Sisi Wachaga tunajijua. Desemba mabasi yanajaa, kila mtu anapanda mlimani, mbuzi wanachinjwa kila boma, na vijana wa Dar es Salaam ambao mwaka mzima hawajashika kwato ndio wanaopewa kisu. Januari wanarudi mjini. Homa ya Q kwa kawaida hujitokeza wiki mbili au tatu baada ya maambukizi, na brusela inaweza kukaa kimya hata zaidi ya mwezi. Kijana anaugulia Sinza au Mbagala, na daktari wa huko atamwona ni mtu wa mjini, anayefanya kazi ofisini, asiye na ng'ombe wala kuku.

Homa ya Q hasa watu hawaifahamu. Bakteria wake hujaa kwenye kondo na maji ya uzazi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na yakikauka huchanganyika na vumbi. Huhitaji kumgusa mnyama. Kufagia banda kunatosha, hata upepo unatosha.

Kuhusu homa ya mgunda, Watanzania wengi tulilisikia jina hilo Julai 2022, ugonjwa ulipozuka Lindi na kuua watu watatu. Wakati ule kila mtu alizungumza habari za panya. Kwa upande wetu panya wamesingiziwa kiasi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulipima wanyama wa eneo hili la kaskazini: kwa ng'ombe, wapatao saba katika kila mia walikuwa na vijidudu hivyo, mbuzi na kondoo kama mmoja katika mia, na kati ya panya 384 waliotegwa hakupatikana hata mmoja. Vijidudu hutoka na mkojo, vikaingia kwa mtu kupitia mchubuko au macho. Mwanamke anayezoa samadi kwa mikono mitupu, mwenye mchubuko wa panga kidoleni, yuko karibu na hatari kuliko mwenye panya darini.

Naomba nizungumzie Malta kidogo, kwa sababu habari yake inanigusa. Ni kisiwa cha Bahari ya Kati ambako askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa isiyoisha. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, aliwaona vijidudu kwenye wengu la askari waliokufa. Ndiyo maana ugonjwa unaitwa brusela, kwa jina lake. Lakini ilichukua miaka 18 kujua vinatoka wapi. Daktari wa hapo hapo kisiwani, Themistocles Zammit, ndiye aliyewapima mbuzi mwaka 1905 akakuta wanavyo. Mbuzi walionekana wazima kabisa! Walikuwa wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mteja, maziwa yakinywewa yakiwa moto wa mwilini. Mwaka uliofuata jeshi likapiga marufuku maziwa ya mbuzi na homa ikaporomoka kambini. Nikisoma hayo nawafikiria wauza maziwa wanaoshuka na baiskeli asubuhi kutoka milimani, chupa za plastiki zimefungwa kwa kamba, na ninamshukuru kila mama anayeyaacha yachemke mpaka yafure.

Sasa nirudi kwa yule mtamba, maana binadamu ni nusu tu ya habari. Ng'ombe akitupa mimba kwetu ni msiba wa nyumba hiyo tu. Watu wanatoa pole, ndama anazikwa mgombani au wanaachiwa mbwa, basi. Ila kati ya 2017 na 2019 watafiti walifanya kazi na maafisa mifugo wa kata huku kaskazini wakachunguza matukio 215 ya namna hiyo: mbuzi 100, ng'ombe 71, kondoo 44. Sharti lilikuwa kufika ndani ya saa 72. Chanzo kilijulikana katika tukio moja tu kati ya kila matano, na kikwazo kikubwa kilikuwa kuchelewa kupata sampuli. Lakini hata kwa uchache huo waliona mambo ambayo hakuna mwingine aliyekuwa anayaona. Mwaka 2018 waligundua kwamba ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa mji walikuwa wanatupa mimba kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo unaowapata na watu. Hao ni ng'ombe wa uani, wa majani ya kuletewa, si wa nyikani. Tunakumbuka ugonjwa huo ulivyotoka upande wa Ngorongoro mwanzoni mwa 2007 na kuua zaidi ya watu 100 nchini. Safari ile tulijua baada ya watu kuanza kufa. Safari hii ng'ombe walisema mapema, na walisikika kwa sababu afisa mifugo alipigiwa simu na akaja.

Ndiyo maana nasema mganga wa zahanati na afisa mifugo wa kata moja wawe na namba za simu za mwenzake. Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la Afya Moja, yaani la kushughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, na brusela ni miongoni mwa magonjwa sita ya wanyama na watu ambayo taifa liliyaweka mbele. Vizuri. Lakini mama mdogo haishi Dodoma. Anapoishi yeye, zahanati iko chini ya barabara na ofisi ya kata iko juu yake, na wale wawili wanaokaa humo hawajawahi kuulizana kitu kuhusu mgonjwa mmoja.

Kuhusu minyoo nitasema neno moja tu, kwa sababu nimelisikia likikosewa mara nyingi kwenye meza za kitimoto. Nyama ya nguruwe isiyoiva inakupa tegu wa tumboni. Malengelenge ya kwenye ubongo, yanayoleta kifafa, hutokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata, ikiwa jirani hana choo au mpishi hanawi mikono. Nguruwe wafungiwe, nyama iive, choo kijengwe, na mwenye tegu atibiwe. Watoto wenye kifafa wametengwa vya kutosha kwa mambo yanayosemwa kuwa ni ya mashetani.

Linaloniuma zaidi ni lugha. Damu ile ya wagonjwa 870 ilitoka kwa watu wa huku, na majibu yakaandikwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeyafungua. Nawaheshimu watafiti wale, bila wao nisingekuwa na la kuandika. Lakini naomba kila mradi unaochukua damu mlimani urudi na karatasi moja ya Kiswahili, isomwe kwenye mkutano wa kijiji na kanisani baada ya matangazo, na ibandikwe kwenye mlango wa zahanati. Kama ingekuwepo Kibosho, mama mdogo angemwambia mganga mwenyewe, siku ya kwanza, bila kusubiri aulizwe.

Siku hizi ana glovu ndefu alizonunua duka la dawa za mifugo, zimetundikwa kwenye msumari mlangoni mwa banda. Kondo analizika kwa kina na kuweka mawe juu, mbwa wasifukue. Maziwa anachemsha, hata yale ya kugandisha.

Yule mtamba hakupimwa. Hakuna aliyechukua sampuli usiku ule wala kesho yake, na mama mdogo alipokuwa anaumwa homa bila kujua ni nini, aliamua kumuuza mnadani apate pesa ya dawa. Alikuwa amenona na alipata bei nzuri. Aliyemnunua hatumjui.