Warufiji hawakukosea kuishi na mto

Kila masika kauli ni ileile. Maji yakishaingia Muhoro au Chumbi, huku chini kwenye bonde la Mto Rufiji, picha za nyumba zilizozama mpaka kwenye paa zikasambaa WhatsApp, haukawii kuona mtu wa Dar ameandika: "Wameambiwa wahame mabondeni, wamegoma." Aprili 2024 niliisoma kauli hiyo mpaka moyo ukauma. Wanaoiandika wanadhani Rufiji ni Jangwani, lile bonde la katikati ya Dar. Jangwani watu walijenga kwenye njia ya maji kwa sababu mji haukuwapa kiwanja wanachokimudu. Rufiji watu wako bondeni kwa sababu bonde ndilo linalowalisha.

Mto huu unabeba maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu yote inamwaga humo. Mvua inanyesha Njombe na Mahenge, mkulima wa Utete, huku chini, yuko juani, na siku kadhaa baadaye maji yanamfikia. Huko juu misitu imekatwa, majaruba yameingia kwenye ardhioevu ya Kilombero, na ardhi iliyokuwa ikinywa maji sasa inayaachia yashuke na udongo wake. Masika ya 2024 yaliikuta ardhi imeshashiba mvua za El Niño tangu vuli.

Lakini mafuriko ya Rufiji hayakuanza juzi, na wenyeji waliyajengea maisha. Mpunga walipanda kabla ya maji kupanda. Maji yakishuka yaliacha tope jipya, na juu ya tope hilo wakapanda mlau: mahindi, kunde, maboga, yanayokua kiangazi kizima kwa unyevu uliobaki ardhini, bila mbolea ya dukani, bila pampu. Shambani walisimamisha dungu, kibanda juu ya nguzo, wakalala humo wakifukuza ndege na nguruwe, maji yakipita chini yao. Mafuriko hayohayo yaliingiza samaki wapya kwenye maziwa ya pembeni, na yakapeleka maji baridi na rutuba hadi delta, kwenye mikoko na kamba. Mwaka usio na mafuriko Rufiji ni mwaka wa njaa. Mtu anayeyajua haya hawezi kumwita mkulima wa mlau mkaidi.

Kuhamishwa pia walishahamishwa. Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji ya serikali, watu wakapandishwa kwenye vijiji vya mwinuko. Mwinuko ule ni mchanga. Chakula kilibaki bondeni, kwa hiyo watu wakarudi bondeni kila msimu, mwendo mrefu, wakiziacha nyumba na watoto nyuma.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nyumba ya kulala, shule na zahanati vikae juu. Mwaka 2024 maji yalizidi kipimo cha dungu lolote, na nyumba za udongo zilianguka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge Aprili mwaka huo kwamba watu 155 wamekufa nchi nzima kwa mvua na mafuriko. Hakuna mila inayofidia vifo hivyo.

Ninachokataa ni kumtupia mkulima lawama zote wakati mto sasa una geti. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huu juu ya vijiji hivi, lilianza kujazwa Desemba 2022. Serikali ilieleza kwamba bila bwawa maji ya 2024 yangekuwa mengi zaidi, na hilo linawezekana kabisa, maana bwawa huzuia maji mengi kabla ya kujaa. Likishajaa, maji ya mvua na maji ya geti yanashuka pamoja, na kijiji cha chini hakina namna ya kuyatofautisha. Upande wa pili unanitisha zaidi: bwawa likizuia kila furiko dogo, tope jipya halitafika, maziwa yatakauka, mlau utakufa kimyakimya bila picha hata moja WhatsApp.

Megawati 2,115 za bwawa hilo ni za nchi nzima, basi na gharama yake isibebwe na Utete na Muhoro peke yao. Ratiba ya kufungulia maji ipangwe na wakulima na wavuvi wakiwa mezani. Mto upewe furiko lake la wastani kila msimu. Tangazo litoke redioni, misikitini na kwa wenyeviti wa vijiji siku kadhaa kabla geti halijaguswa, likitaja maji yatapanda kiasi gani na yatafika lini. Na iandikwe wazi nani atamlipa mkulima ambaye mpunga wake umesombwa na maji yaliyofunguliwa kwa uamuzi wa binadamu.