Nungwi au Mkoani? Mvuvi anayehama ahesabu siku za bahari

Kijana wa uvuvi akisema anataka kuhama atafute pahala penye bahari nzuri, jawabu anayopewa ni moja: nenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Hoteli ziko mlangoni, bei iko juu, lami mpaka mjini ni kiasi cha kilomita 60, na mafundi wa vyombo wapo palepale ufukweni. Pemba ikitajwa, hutajwa kama pahala pa kutoka, si pa kuhamia. "Samaki wapo, soko hakuna," na mazungumzo huishia hapo. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya hesabu, na anayehama kwa kuifuata peke yake anaweza kulipa kodi ya Nungwi miaka kadhaa kabla hajajua kinachomkwamisha.

Nungwi si ya kudharauliwa. Nguru au jodari aliyeshuka chomboni asubuhi anaweza kuwa jikoni kwa hoteli kabla jua halijakaza. Kaskazini yake kuna Leven Bank, mwamba unaopanda kutoka maji ya kina, na nguru na kolekole wanapita hapo. Anayevua kidogo na kuuza kwa mkono wake mwenyewe atapata bei ambayo Pemba haipati. Ila bei ya hoteli ina msimu wake: masika, mwezi wa Aprili na Mei, hoteli nyingi hufunga, na mteja wa jana hayupo. Nyumba na ardhi zimepanda pamoja na utalii, na ufukwe wenyewe umebanwa, hata pahala pa kupweleza chombo panatafutwa.

Sasa upepo, maana ndio unaoamua nani anakwenda baharini na nani anabaki pwani kushona nyavu. Kusi hutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Disemba mpaka Machi. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake. Pwani ya magharibi ya Pemba, kuanzia Mkoani, Wesha mpaka Wete, imekingwa na kisiwa kizima mgongoni mwake. Kusi ikikaza, mvuvi wa Makunduchi, kusini-mashariki ya Unguja, huyaona mawimbi yakivunjika juu ya mwamba akaghairi. Wa Mkoani hutoka nyuma ya kisiwa cha Makoongwe kwenye maji yaliyotulia, na upepo haumkuti mpaka ameshaenda masafa. Nungwi iko kwenye ncha. Upande wake wa magharibi una kivuli wakati wa kusi, hilo kweli, lakini chombo kikishapita ras hakuna cha kukikinga, na kaskazi ikiingia inaipiga ncha yenyewe.

Hesabu hii ndiyo isiyofanywa. Tuseme mvuvi mmoja, kwa sababu ya upepo, anaingia baharini siku tatu kwa wiki miezi yote mitano ya kusi, na mwenziwe aliye kwenye kivuli anaingia siku tano. Kila wiki tofauti ni siku mbili. Kwa wiki 21 au 22, ni zaidi ya siku 40 ndani ya msimu mmoja. Wakivua sawa kila safari, yule wa siku tatu anahitaji bei iliyozidi kwa thuluthi mbili ili wawe sawa tu, na hapo hatujagusa kodi ya nyumba. Kilo anayouza mwenziwe kwa shilingi 6,000, yeye aiuze 10,000, wiki baada ya wiki, si siku ya harusi au ya mgeni. Tena chombo kilicholala nacho kinagharimu. Leseni ni ileile, na jua linakausha mbao mpaka kalafati, ile pamba ya kuzibia nyufa, inatoka. Mabaharia wake, wakikaa bila mgao wiki mbili, huhamia chombo kingine, na atakapopata bahari nzuri hana watu wa kwenda nao.

La pili ni kina. Unguja imekaa juu ya kitako kimoja na bara, na maji ya kati yao kwa sehemu kubwa hayafiki mita 60. Pemba imetengwa na bara kwa bonde la bahari lenye kina cha mita 800 hivi, na ukingo wake uko karibu na pwani ya magharibi. Kutoka Wesha mpaka Misali ni kilomita kumi na kitu, na ukikipita kisiwa hicho kuelekea magharibi, chini panaondoka ghafla. Kwa chombo cha mashine ya farasi 15 hiyo ni safari ya saa moja hivi. Mashine ya namna hiyo ikikazwa hunywa kiasi cha lita 6 kwa saa, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita 12. Ongeza saa tatu za kuburura mshipi kwa mwendo wa polepole, jumla ni kama lita 20. Kama mashine ni ya kuchanganya oili na petroli, kwa lita hizo 20 tia mililita 400 za oili, yaani lita 1 kwa 50. Wengi huzidisha oili wakidhani wanailinda mashine, plagi zinashika masizi, na mashine inazima ikiwa mbali.

Ukaribu huo unampa mvuvi mwezi usio na wiki tupu. Wakati wa giza anakwenda na taa kwa dagaa na vibua. Mbaamwezi ikija, mwanga umetapakaa bahari nzima, samaki hawakusanyiki tena kwenye taa, na vyombo vya nyavu hupumzika. Lakini mbaamwezi ni bamvu pia, yaani maji makubwa: yanapanda na kushuka kiasi cha mita 4, miamba inakauka, na huo ndio wakati wa pweza. Katikati, maji yakiwa mafu, hayapandi wala kushuka sana, ni zamu ya mshipi wa chini. Siku za bamvu maji yanakokota sana: chubwi, risasi ya kuzamishia mshipi, haitulii, mshipi unalala mshazari, na chambo kinapita juu ya chewa badala ya kukaa mbele yake. Maji yakifa, mshipi unasimama wima, hata kwenye pima 50 mkono unahisi anapogusa. Anayekaa pahala penye kazi moja tu hana pa kugeukia mwezi ukibadilika.

Kina hichohicho kina hatari yake, na asiyeisema anamdanganya anayehama. Upande wa Unguja na bara, mashine ikizima unatupa nanga na kungoja msaada. Magharibi ya Misali kamba ya nanga haifiki chini. Mkondo mkuu wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, kusi inauongezea nguvu, na chombo kisicho na mashine kinachukuliwa kuelekea Kenya. Kwa hiyo aliyezoea maji madogo asiende huko bila tanga, hata dogo, makasia, plagi za akiba na spana yake, na petroli iliyochujwa, kwani tone la maji ndani ya tangi linatosha kuizima mashine.

Kuhusu soko, wanaoilaumu Pemba wana haki yao. Wanunuzi ni wachache, na siku samaki wakijaa bei huanguka vibaya. Lakini sehemu kubwa ya hasara hiyo ni ya barafu. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na mvuvi anaweza kugandisha yake nyumbani. Kwa joto letu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Friza ya kawaida ya lita 300 haigandishi zaidi ya kilo 20 hivi kwa siku. Ukiijaza chupa za maji zote kwa pamoja, za katikati zinabaki maji. Inamtosha mtu wa mshipi, haimtoshi mwenye nyavu za kuzingia. Jodari hasa hasubiri: akatwe damu mara tu anapopanda chomboni, atolewe matumbo, afunikwe barafu. Akipigwa na jua saa chache huwa samaki wa kuwasha, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa.

Kwa mtu wa mshipi, basi, ni Mkoani. Meli ya Unguja inafunga hapo, kasha la barafu linaweza kufika mjini siku ileile, na hospitali ya Abdalla Mzee ipo kwa ajili ya familia. Wesha ni nzuri kwa anayetaka kuwa karibu na mji wa Chake Chake, ila ajue mapema kwamba Misali ni hifadhi tangu mwaka 1998 na ina eneo lisilovuliwa kabisa. Wete ina visiwa vya Fundo na Njao mbele yake na inatazama Tanga. Mwenye nyavu za dagaa aende Tumbe, kaskazini ya Pemba, kwenye soko lake, akikumbuka kwamba kilo 100 mbichi, zikishachemshwa kwa chumvi na kuanikwa, hazibaki hata thuluthi, na masika ya Pemba ni ya mvua nzito: dagaa wasiokauka huoza juu ya chanja.

Asihame moja kwa moja. Apige dago kwanza, yaani kambi ya muda ya uvuvi, mara mbili, moja kusi na moja kaskazi, kila moja ikimaliza mwezi mzima wa giza na mbaamwezi. Achukue barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wa kwao ampelekee sheha wa huko, kisha aende kwa kamati ya wavuvi kabla hajashusha nyavu. Aulize mwamba upi umefungwa, kwani shehia kadhaa, Kisiwa Panza mojawapo, hufunga miamba ya pweza kwa miezi mitatu, na mgeni anayevua humo hasamehewi kwa kusema hakujua. Awe na daftari, na kila jioni aandike mambo manne: ameingia baharini au la, lita alizotumia, kilo alizoshusha, na bei ya siku hiyo. Siku aliyobaki pwani aiandike pia, pamoja na sababu yake.