Bahari ya Ukutani na Mama Mkwe

Kimya ndicho kilichoniamsha. Saa saba usiku, joto la Mtwara limenikalia kifuani kama mgeni asiyejua kuaga, na ule mngurumo wa pampu ambao siku hizi ndio unaonibembeleza, hamna. Umeme umekwenda zake. Sisemi zaidi, mnajua. Gesi yenyewe inatoka hapo Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inapita chini ya miguu yetu kwenda Dar es Salaam, na mimi mwenyeji natafuta ndala kwa tochi ya simu yenye chaji asilimia 11.

Wenzangu umeme ukikatika wanageuza mto upande wa baridi wanaendelea na usingizi. Mimi nina bahari ukutani.

Ndiyo, bahari. Najua mtasema nini, maana mtaa mzima umeshasema: kutoka kwangu hadi ufukweni ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma, sasa ya nini kuihamishia ndani? Mwanzoni nilikuwa najibu kwa utaratibu. Naeleza kwamba ni tangi la kioo, urefu sentimita 120, kimo 60, upana 50, limezamishwa ukutani hivi kwamba mgeni akikaa sebuleni anaona picha iliyo hai. Siku hizi nikiulizwa najibu kwa kifupi tu: "Ya kwangu haipwi."

Fundi alikata tundu kwa kupima na mkono wake, na mkono wake ni mfupi. Hayo tuyaache. Kosa kubwa lilikuwa langu, nalo liko nyuma. Tangi la ukutani mbele ni urembo, nyuma ni karakana. Mfuniko, taa, mabomba, pampu, chombo cha kukamata povu la uchafu, tangi la chini la kuchujia, vyote viko chumba cha pili. Na chumba cha pili ni cha wageni. Wakati napanga, mle ndani mlikuwa na magunia matupu ya korosho na baiskeli isiyo na mnyororo. Haikunijia kabisa kwamba chumba cha wageni siku moja hupata mgeni.

Mama mkwe aliteremka kutoka Newala kwa siku tatu, kupima macho. Hii ni wiki ya sita.

Wanaoijua Newala wanaijua. Kule juu maji ni mali. Mtu anakuuliza habari za watoto, habari za shamba, halafu habari za maji, na hilo la tatu ndilo anasubiri jibu lake. Mama amekua akibeba ndoo kichwani kutoka bondeni. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kioo, mikono mgongoni, kama mkaguzi wa hesabu.

"Baba Rashidi."

"Naam, mama."

"Humu mna ndoo ngapi?"

Lita 360. Nikagawanya kwa 20 kichwani, nikitamani hesabu itoke ndogo. "Kumi na nane, mama."

"Mnayanywa?"

"Hapana mama, ni ya chumvi."

"Mnaoga?"

"Hapana."

Akamgeukia mjukuu wake. "Ndoo kumi na nane. Baba yako amezifungia ukutani."

Mambo yakaharibika zaidi aliponikuta naongeza maji. Tangi likipigwa na joto na feni, maji yanakauka lakini chumvi haiendi popote, inabaki. Kwa hiyo huongezi maji ya bahari, unaongeza maji matamu, la sivyo baada ya mwezi unafuga achari. Langu linakunywa lita tano kwa siku. Mama akanitazama namimina maji ya mvua, masafi, yaliyochujwa kwa kitambaa, ndani ya maji ya chumvi. Hakusema neno. Alikaa kitandani akashika tama.

Tena akasema hawezi kubadili nguo mbele ya samaki. "Wana macho na hawapepesi." Akatundika kanga nyuma ya kioo, imeandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*, na tangu hapo wageni wangu wa sebuleni wanatazama samaki wakipita mbele ya methali inayosomeka kinyume. Mimi kuingia kuhudumia mitambo yangu naruhusiwa saa tatu hadi saa nne asubuhi, mama akiwa barazani kwa jirani. Bahari yangu ikawa na ratiba kama feri.

Maji niliyachota kwa bajaji, safari tatu, madumu 18, bahari ikiwa imejaa, tena mbali na bandari nisije nikafuga dizeli. Dumu moja lilikuwa na mfuniko wa kuazima. Dereva ananidai kiti mpaka leo. Nitamrudia, au yeye atanirudia.

Mawe yametoka Mikindani, kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu babu ulioangushwa na mvua. Nyumba zile za kale ni matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Wazee waliyatoa baharini wakayatia ukutani. Mimi nikayatoa ukutani, nikayasugua na kuyaloweka hadi vidole vikachubuka, nikayarudisha baharini, ukutani. Kuvunja yaliyo hai sithubutu, Msimbati ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000 na mimi si mtu wa kukimbizana na boti. Nikaenda ofisini kuulizia kibali. Fomu ikataka jina la chombo cha baharini. Nikaandika "Ukuta". Nasubiri majibu.

Halafu unakaa wiki nne mpaka sita unatazama maji matupu, kusudi bakteria wazaliane, wale wanaokula amonia ya uozo na mikojo ya samaki kabla haijawaua samaki wenyewe. Kuwaanzishia bakteria chakula unatupia kamba mmoja aoze. Wangu alikaa siku mbili. Mama alimtoa, akamwosha kwa ndimu, akauliza wenzake wako wapi.

Samaki wako wawili, rangi ya papai, mstari mweupe mgongoni kutoka mdomo hadi mkia. Mvuvi wa Msangamkuu aliniuliza mara tatu kama nina hakika, maana wote wawili hawajazi kijiko. Katika aina hii mkubwa ndiye jike na mdogo ndiye dume, na jike akifa, dume anageuka jike anashika nyumba. Katika mradi wangu mzima hilo tu ndilo mama alilolipenda. Alimweleza Rashidi taratibu, akimtazama, lakini kwa sauti ya kunifikia mimi: "Mwenye nyumba ni mwanamke. Hata huko chini wanajua."

Basi, saa saba hiyo. Nafika sebuleni, namulika kioo, naona kitu ambacho nilijisifia miezi mitatu kwamba hakiwezekani: bahari yangu inakupwa.

Iko hivi. Pampu ikizimika, lile bomba la kurudisha maji juu linageuka mrija. Linanyonya maji ya tangi la juu kuyashusha tangi la chini, na haliachi mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo wa bomba langu umezama sentimita kumi. Sentimita kumi kwa tangi langu ni lita 60, ndoo tatu. Tangi la chini lina nafasi ya ndoo moja. Fundi bomba alinionya mapema: "Toboa kitundu hapa, chini kidogo ya usawa wa maji, hewa iingie, mchezo uishe." Nikamwambia kesho. Kesho hiyo ni ya tangu kabla ya Ramadhani.

Koki ya kulifunga bomba ipo. Iko chumbani kwa mama. Mke wangu yuko Masasi msibani. Na mwanamume mwenye akili zake haingii chumbani kwa mama mkwe saa saba za usiku, hata nyumba ikiungua. Anasimama nje anauelezea moto.

Nikamwamsha Rashidi, miaka tisa, akanifuata macho yamefumba. "Ingia kwa bibi. Nyuma ya tangi kuna koki ya bluu. Ifunge."

Akaingia. Minong'ono. Akatoka.

"Bibi anasema shikamoo yako hajaisikia."

"Shikamoo, mama!" nikaupigia kelele mlango.

"Marahaba, baba." Sauti ya ndani, safi kabisa, ya mtu aliye macho muda mrefu. "Kuna nini usiku wote huu?"

"Maji, mama!"

"Yametoka?"

Jamani, ile sauti ilivyochangamka. Na mimi, badala ya kufikiri, nikajibu swali kama lilivyoulizwa: "Yanatoka, mama, tena kwa kasi!"

"Rashidi! Leta ndoo!"

Mtoto akanipita kama mshale kuelekea jikoni. Nikamwita, hasikii, kwa bibi yake huwa ana masikio mapya. Nikasikia ndoo zinagongana, sufuria zinaanguka, mama anashuka kitandani anauliza bomba liko wapi, na chini ya yote hayo sauti ya tangi la chini likianza kumwaga sakafuni, tulitulitulituli, kama mtu anayenicheka akiwa amejiziba mdomo.

Nikakimbilia tena kwenye kioo nijue zimebaki sentimita ngapi. Nikabandika uso, tochi chini ya kidevu. Wakati huohuo mama, akifuata sauti ya maji, akafunua kanga.

Alichokiona sikuwahi kumuuliza. Nakisia: uso wa mtu mzima, wa kijani, ndani ya maji, mdomo wazi, samaki wa papai anapita puani. Akaita jina la marehemu mumewe. Akaita jina la Mungu. Halafu akaniita mimi, kwa sauti iliyofika stendi, nije nimwokoe na mimi.

Balozi wa nyumba kumi akaja na rungu. Vijana wa kona wakaja na mawe. Jirani wa upande wa pili, ambaye tangu siku ya kwanza anauliza watakomaa lini, akaja na limau.

Nilipata ruhusa ya kuingia chumbani mbele ya balozi kama shahidi, nikaingia nikitazama dari. Kandambili za mama zilikuwa zinaelea kuelekea mlangoni kama zinakwenda Newala zenyewe. Mama hakutazama kandambili. Alikuwa amepiga magoti na tambara, anakausha, anakamulia kwenye ndoo, anakausha, anakamulia. Mwisho akainuka.

"Zimemwagika mbili. Nimeokoa moja na nusu. Nusu imepotea."

Nikamwambia, mama, ni ya chumvi, tumwage tu. Balozi mwenyewe alitazama pembeni.

Kuanzia hapo ilikuwa kata. Pampu isipozunguka hewa inakwisha majini, samaki wanapanda juu wanahema, kwa hiyo unachota, unainua, unamimina kutoka juu yashike hewa. Unachota, unainua, unamimina. Saa nane. Saa tisa. Bega likaanza kusema na mimi. Na nilikasirika, sifichi, nikaacha hata ile heshima ya balozi. Mtu mzima, nina mvi, nimekatwa mshahara, nimekatwa na mkopo, sili nyama katikati ya wiki, nimejipa kitu kimoja tu hapa duniani cha kutazama jioni ambacho hakiniombi ada, na hicho kimoja nacho kinataka umeme usikatike! Betri ya akiba ya kuendesha pampu usiku mmoja naambiwa bei yake, nauliza tena, naambiwa ileile. Nimekosa nini? Ningefuga kuku. Kuku umeme ukikatika analala!

"Lete hiyo kata," mama akasema. "Unamwaga kama mtu wa pwani."

Akachota. Hakudondosha hata tone. Akaanza kusimulia walivyokuwa wakitoka saa tisa usiku kwenda bondeni, wanaweka tawi la majani juu ya maji ndani ya ndoo yasirukeruke njiani, na binti mmoja aliyejikwaa karibu kabisa na nyumbani, mlango unauona, akakaa chini akalia mpaka jua likatoka, wala hakuumia mguu. Nikauliza alikuwa nani. Akachota, akamimina.

Umeme ulirudi saa kumi na moja alfajiri, na redio ya jirani, na taa ya choo niliyoisahau. Fundi bomba simu yake haipatikani. Natafuta msumari niuchome motoni, hicho kitundu nikitoboe mwenyewe.

Natafuta, na hodi inapigwa. Dereva wa bajaji. Mama kamkaribisha sebuleni, namsikia anamwambia Baba Rashidi katoka. Dereva kakaa. Kimya kidogo. Kumbe anatazama tangi, na kanga bado iko sakafuni, na mimi nimesimama nyuma ya tangi na kata mkononi.

"Mama," anasema, "shida yangu ni kiti. Chumvi imekula vyuma, abiria wanashuka na kutu."

"Pole sana mwanangu. Kunywa chai. Hiyo bajaji yako mpaka Newala shilingi ngapi?"

"Mama, bajaji haifiki Newala."

"Haifiki?"

"Haifiki, mama."

"Basi," anasema, na nasikia kiti kinalia anavyorudi kukaa, "itabidi ningoje ngoje."