Modemu ya kukodi kwenye hewa ya chumvi

Ami yangu alirudi kutoka Minneapolis, Marekani, na begi la viatu vya watoto, na ndani yake modemu ya kebo. Kule alinunua yake mwaka wa kwanza tu, akairudisha ya kampuni, na mpaka leo hujisifia. "Mwanangu, hawa wanakula pesa zako bure," aliniambia, kidole kikielekea kisanduku cheupe cha intaneti ya faiba ukutani kwangu Tudor, Mombasa. Modemu yake ina tundu la waya wa shaba, ule mnene wa televisheni. Kwangu unaingia uzi wa kioo. Hapana pa kuichomeka.

Ushauri wake siku hizi umezagaa mitandaoni kama sheria: nunua yako, usikodi. Kwa Marekani sina ubishi nao. Kwa miaka Comcast, kampuni ya intaneti ya huko, ilitoza karibu dola 15 kwa mwezi kwa kisanduku chake, yaani dola 180 kwa mwaka, na mwenye kununua chake alirudisha pesa baada ya mwaka mmoja hivi. Sheria nayo inamlinda. Uamuzi wa Carterfone wa 1968 ulimruhusu mteja wa simu kuunganisha kifaa chake kwenye laini za kampuni, na sheria ya 2019 ikakataza kumtoza mtu kodi ya kifaa alichonunua mwenyewe. Ndiyo, kuna waliokuwa wakitozwa hivyo. Ujerumani, tangu Agosti 2016, kuchagua ruta, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, ni haki ya mteja.

Kinachonikera ni kuona hesabu hiyo ikishushwa Mombasa bila kupigwa upya.

Kwanza, kodi yenyewe iko wapi? Kwenye mkataba wangu hakuna mstari wa kodi ya modemu. Ninalipia kifurushi, kisanduku kimo humo, na nikihama nakirudisha. Nikileta changu, bei haishuki hata shilingi. Lakini tuchukulie kampuni inatoza shilingi 300 kwa mwezi, nawe umeona kifaa cha shilingi 8,000 Barabara ya Digo. Utahitaji karibu miezi 27 ndipo pesa zako zirudi. Miezi 27! Hapo ndipo ami yangu na mimi tunapoachana, maana hesabu yake inategemea kifaa kiwe hai mwezi wa 28, wa 40, wa 50. Kinaweza kufika huko kikikaa sebuleni Minneapolis. Hapa kwetu, mwenye nyumba Nyali au Likoni atakwambia alivyobadilisha bawaba, kufuli na feni. Unyevu wa hewa hupita asilimia 70 siku nyingi, kusi inaleta chumvi mpaka ndani ya kabati, na ruta ina matundu ya kupumulia ambayo chumvi haiombi ruhusa kuyapita. Usiku wa Agosti 25, 2023, Kenya karibu nzima ilipoingia gizani, waliojua walikimbia kuchomoa vyombo, kwa sababu stima haiunguzi ikikatika, huunguza ikirudi. Uzi wa kioo haupitishi umeme, hilo ni jema. Balaa hupitia adapta.

Ndiyo maana namwona anayekaa na kisanduku cha kampuni kama mtu aliyemwachia mwenzake hasara ya kutu. Wengi humwita mvivu, au mjinga asiyejua teknolojia. Huenda amepiga hesabu kuliko wao.

Halafu kuna namna faiba inavyofanya kazi. Uzi mmoja kutoka kituoni hugawanywa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64, na kila kisanduku hupewa zamu yake ya kurusha data. Kinatambulika kwa namba yake iliyosajiliwa kituoni. Kisanduku kigeni hakipati zamu, na kibovu kinachorusha nje ya zamu huweza kuwavurugia majirani wote kwenye uzi huo. Kampuni kukataa modemu ya mkobani si roho mbaya.

Usalama ni mizani ngumu zaidi. Mwezi Mei 2018 iligunduliwa programu haribifu iliyoitwa VPNFilter kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta ambazo watu na ofisi ndogo walijinunulia, wakazichomeka na kuzisahau. Ya kampuni nayo ina mlango wa nyuma, ule wa mafundi kuingilia kutoka mbali: Novemba 2016 wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom, kampuni ya Ujerumani, walitatizika baada ya washambuliaji kuulenga mlango wa aina hiyo. Lakini kampuni ilituma marekebisho, na wengi waliambiwa wazime ruta na kuiwasha tena. Ruta yako mwenyewe, nani atakutumia marekebisho usipoyatafuta? Wewe mara ya mwisho uliyatafuta lini?

Kuna mahali ambapo mnunuzi ananishinda. Nenda Mji wa Kale. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa tangu 2009, zimevuka bahari nzima, halafu mawimbi ya Wi-Fi yanashindwa kuvuka ukuta mmoja wa matumbawe na chokaa, hasa yale ya gigahezi 5. Kisanduku cha kampuni hufungwa pale uzi unapoishia, mara nyingi karibu na mlango, na chumba cha ndani kinabaki na kiu. Hapo nunua ruta yako, iunganishe kwa waya nyuma ya kisanduku chao, uiweke unapotaka. Neno la siri ni lako, mipangilio ni yako, na ukihamia kampuni nyingine unaondoka nayo. Mimi ningetanguliza betri ndogo ya akiba na kinga ya umeme, kisha ruta.

Swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi ni moja: kikiungua, nani analipa? Changu kimeungua mara mbili. Cha kwanza walikibadilisha bila maneno. Cha pili fundi alikitazama, akaitazama soketi yangu iliyolegea, akaandika "uzembe wa mteja", na nikalipa.