Kadi ya megabaiti 8
PlayStation 2, mashine ya gemu iliyotoka Japani mwezi Machi 2000, bado inasifiwa katika vijiwe vya Ng'ambo, mjini Unguja, kama kwamba haikuwa na ila. Mimi pia naipenda, lakini mapenzi hayo hayanizuii kuuliza ni nani aliyeona busara kuuza mashine isiyoweza kuhifadhi mchezo mpaka mnunuzi atoe fedha nyengine za kadi ya kumbukumbu. Na kadi yenyewe ilikuwa ya megabaiti 8 tu! Katika vibanda vya gemu, ambako vijana wa mtaa mzima walitumia kadi moja, ligi aliyoijenga mtu kwa subira ilifutwa na mwengine aliyekuwa akitafuta nafasi, na kamwe hakupatikana wa kukiri. Umeme nao ukikatika kabla ya kuhifadhi, kazi yote ilipotea. Ukikatika wakati wa kuhifadhi, hata kadi iliweza kuharibika. (Kile kiza cha Unguja cha Disemba 2009 hadi Machi 2010 tusikitaje, kwani hapo palikosekana hata pa kuichomeka.) Kwa michezo yake sina neno, na kule kusoma kwake filamu za DVD kuliwaepusha wazee wengi na gharama ya kununua deki. Lakini ilikuwa na matundu mawili tu ya pedi za kuchezea, ilhali mashine shindani za zama zile, Xbox na GameCube, zilikuwa na manne, na ndiyo maana wadogo zetu walikabidhiwa pedi isiyochomekwa popote, wakaibonyeza kwa bidii huku wakiamini kwamba wao ndio wanaofunga magoli.